Majina Matatu ya Mtoto wa Kasiva

Asubuhi kwenye mfereji wa kambi, watu walimsalimia Kasiva kwa majina matatu.

"Mama Mbithe, umeamkaje?"

"Mama Ajwang', hebu sogeza mtungi wako."

"Mama Branice, mbona leo umechoka hivyo?"

Kasiva aliitikia yote. Alikuwa na mtoto mmoja tu, msichana wa miezi ishirini na miwili. Majina yote matatu yalikuwa ya mtoto huyo. Na mtoto mwenyewe hakuitika hata moja.

Kambi yao ilikuwa ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, upande wa Mwatate. Jeconia, mumewe, alifanya kazi kwenye mashine inayochambua majani ya mkonge. Kasiva alianika nyuzi kwenye nyaya, juani. Nyuzi mbichi ni nzito. Maji yake huwasha mikono mpaka kwenye viwiko. Akitoka hapo, alimchukua mtoto kivulini, akachota maji, akapika. Mtoto alilala kidogo na kuamka mara nyingi, kwa hivyo naye alilala kidogo. Siku hizo Kasiva angeweza kusinzia akiwa amesimama.

Hebu nieleze jinsi mtoto mmoja alivyopata majina matatu.

Alizaliwa Voi. Wakati huo Jeconia alikuwa kwao Siaya kwa mazishi. Kasiva akampa mtoto jina la mama yake aliyefariki, Mbithe. Jeconia aliporudi hakulipinga.

Mbithe alikuwa mtoto mkimya. Hakulilia kubebwa. Angeweza kulala chali saa nzima, akitazama mwanga unaopenya kwenye matundu ya bati. Majirani walimsifu. "Umebarikiwa," walisema. "Wetu hawatupi nafasi hata ya kusonga ugali."

Kasiva alipomwinamia na kumtabasamia, mtoto alitazama hereni yake. Hakumtazama machoni. Kasiva aliliona jambo hilo. Lakini nani analalamika kwa kupewa mtoto mtulivu?

Mbithe alipofikisha mwaka mmoja, Jeconia alianza kuwa na wasiwasi. Alimwita kutoka mlangoni. Hakugeuka. Alimwita tena, kwa sauti kubwa. Wapi!

"Huyu hasikii," Jeconia alisema.

Lakini siku moja Kasiva alifungua pakiti ya biskuti nyuma ya pazia. Mtoto alitambaa mbio mpaka pale. Na mashine ya kusaga mahindi ilipowashwa huko ng'ambo ya barabara, aliziba masikio na kulia kwa uchungu.

"Kumbe anasikia," Jeconia alisema. "Kama masikio ni mazima, basi kilichobaki ni jina."

Usimcheke, msomaji. Kwao Siaya, na hata Ukambani kwa kina Kasiva, wazee wengi huamini kwamba mtoto anaweza kukataa jina. Akilia bila kukoma, hutajiwa majina ya waliokufa mpaka anyamaze kwenye moja. Jeconia mwenyewe alibadilishwa jina akiwa mchanga, akaacha kulia. Hivyo ndivyo mama yake alivyomwambia, na yeye aliamini.

Basi wakampigia simu mama yake. Mama akasema, "Mpeni jina la dada yangu, Ajwang'. Hakuna mtoto aliyewahi kupewa jina lake." Kuku akachinjwa. Majirani wakala wakashiba. Mtoto aliyefanyiwa sherehe alikaa kwenye kona, akizungusha kifuniko cha sufuria.

Miezi ikapita. Hakuitika. Wakaenda kanisani, akaombewa na kupewa jina la Branice. Kipaza sauti kilipovuma, alilia mpaka akatapika. Jina hilo nalo hakuliitika.

Jumatatu moja, wakila, Jeconia alisema bila kumtazama mkewe, "Mama amesema tumpeleke Siaya."

"Kufanya nini?"

"Akae naye mpaka jina lake la kweli lijulikane."

"Mpaka lini, Baba?"

"Mpaka atakapoitika."

"Na asipoitika?"

Jeconia alimega tonge. Hakuwa mtu mkali. Alikuwa amechoka kama mkewe, na alikuwa na hofu. "Nicholas anasafiri Jumamosi," alisema. Nicholas alikuwa mdogo wake. "Ataenda naye."

Nitakuambia jambo ambalo Kasiva hakumwambia mtu. Moyo wake ulimuuma sana. Lakini mwili wake ulisema, utalala. Utalala usiku mzima. Alijichukia kwa wazo hilo, na wazo halikuondoka. Jumanne alikunja nguo tatu za mtoto na kuzitia kwenye mfuko.

Jumatano jioni Dinah alipiga hodi. Dinah alikuwa mhudumu wa afya ya jamii. Alizaliwa huko juu milimani, akaolewa hapa chini. Kila baada ya muda alipita nyumba kwa nyumba na mkoba wake wa buluu, akiuliza habari za chanjo, vyandarua na wajawazito.

"Hodi! Leo nikuite Mama nani?"

"Niite Kasiva tu, dada Dinah. Nimechoka na majina."

Dinah aliketi. Aliomba kitabu cha kliniki cha mtoto. Kurasa za sindano zilikuwa zimejaa. Kurasa za uzito pia. Kisha akafungua ukurasa mmoja uliokuwa mpya kabisa, kama haujawahi kuguswa.

"Huu umewahi kuusoma?"

"Sijui kama nimeuona."

"Unaeleza mtoto anatakiwa afanye nini kwa kila umri. Watu wengi huuruka. Nami ni mkosaji, ningekuonyesha mapema." Alimtazama mtoto aliyekuwa kwenye kona na kifuniko chake. "Anakizungusha hivyo kwa muda gani?"

"Mpaka nikichukue. Nikikichukua, analia saa nzima."

"Akitaka maji, anafanyaje?"

"Ananishika hapa kwenye kiwiko, ananivuta mpaka kwenye mtungi. Lakini hanitazami. Ni kama amebeba mkono wangu tu, mimi mwenyewe sipo." Kasiva hakuwahi kulisema jambo hilo.

"Anapunga mkono wa kwaheri?"

"Hapana."

"Anakuonyesha vitu kwa kidole? Akiona ndege au trekta, anakunyooshea kidole ili nawe uone?"

"Hajawahi."

"Alikuwa na maneno?"

"Alisema 'maziwa' siku kadhaa. Halafu likapotea. Nilidhani ni kwa sababu tulibadilisha jina."

Dinah alifunga kitabu taratibu. "Kasiva, mimi si daktari. Siwezi kusema mtoto ana nini. Dalili moja peke yake si kitu. Kuna watoto wanaochelewa kusema, na baadaye wanakuwa wasemaji kupita kiasi. Lakini dalili hizi zikija pamoja, hatungoji. Mtoto anayefika mwaka mmoja bila kuitika jina lake, anayekwepa macho, asiyeonyesha kwa kidole, na aliyepoteza neno alilokuwa nalo, lazima apimwe."

"Apimwe nini?"

"Kwanza masikio, ili tuwe na hakika. Halafu ukuaji wake. Kuna hali inaitwa usonji. Si homa, haiambukizi. Ubongo wa mtoto unakua kwa njia yake. Sauti ya mashine inaweza kumchoma. Sauti ya mtu akimwita inaweza kumpita tu, asijue kwamba ni yeye anayetakiwa."

Kasiva aliuliza swali ambalo mama wengi huuliza. "Nilimkosea nini? Nilimbeba mgongoni kazini tangu akiwa mdogo. Labda hakuuona uso wangu vya kutosha."

"Hapana. Hakuna kosa lako hapo. Wala si sindano. Wala si laana. Wala si jina."

"Wala si jina?" Sauti hiyo ilitoka mlangoni. Jeconia alikuwa amesimama hapo, mikono yake ikiwa na ukijani wa mkonge.

"Karibu, Baba," Dinah alisema.

"Nimesikia. Lakini wewe huoni? Biskuti anasikia. Mashine anasikia. Jina ndilo halisikii. Sasa hapo tatizo ni nini kama si jina?"

Lilikuwa swali zuri, na Dinah hakulidharau. "Sawa," alisema. "Mwite kwa yote."

Jeconia alisimama nyuma ya mtoto. "Mbithe!" Kifuniko kilizunguka. "Ajwang'!" Kifuniko kilizunguka. "Branice!" Kilianguka. Mtoto akakiinua na kukizungusha tena.

"Sasa nami nimwite," Dinah alisema. Aliweka mkoba kando. Alivua viatu, akalala kifudifudi sakafuni, uso wake ukimwelekea mtoto. Hakusema neno. Alichukua kifuniko kingine, kidogo, akakizungusha kando ya kile cha mtoto. Kilipoanguka, alikizungusha tena. Akangoja. Kasiva na Jeconia walisimama bila kujua pa kutia mikono yao. Mwanamke mzima, mama wa watoto wanne, kalala kwenye saruji.

Mara ya sita au ya saba, Dinah hakukizungusha. Alikishika tu.

Mtoto alingoja. Alitazama kifuniko. Alitazama mkono. Kisha akainua macho, akamtazama Dinah usoni. Ilikuwa kitambo kifupi sana. Dinah akatabasamu na kukizungusha kifuniko papo hapo.

"Mmeona?" alisema akiwa bado chini. "Nimemwita, na sikutumia jina lolote."

Jeconia aliketi kwenye ndoo. "Mwaka mzima," alisema, "sijatazamwa hivyo na mtoto wangu."

"Atakutazama. Lakini si kwa kumpeleka Siaya akangoje jina. Akiwa mdogo hivi ndipo ubongo hujifunza upesi. Mwezi mmoja una maana. Mama yako ana mapenzi, nami simdharau. Lakini mtoto huyu anahitaji kufunzwa, na walimu wake wa kwanza ni nyinyi wawili."

"Kuna dawa?"

"Hakuna dawa ya kuuondoa usonji. Mtu akikuuzia, mfukuze. Kuna mafunzo, na yanasaidia."

Jumamosi Nicholas alisafiri peke yake. Kasiva alizitoa zile nguo tatu kwenye mfuko na kuzirudisha mahali pake. Simu ya kumweleza mama yake, Jeconia aliipiga mwenyewe, nje, karibu na ua. Ilikuwa simu fupi. "Amekata," alisema aliporudi.

Wiki iliyofuata walikwenda hospitali kubwa ya Voi na barua ya Dinah. Masikio ya mtoto yalipimwa. Yalikuwa mazima. Kisha walipangiwa siku za kumwona Mwandawiro, mtaalamu wa mafunzo ya watoto. Hakuwapa jibu siku ya kwanza. Alimtazama mtoto akicheza, mara tatu, kwa muda wa wiki sita, pamoja na daktari. Aliuliza maswali yale ya Dinah na mengine mengi. Mara ya tatu wakaambiwa kwamba ni usonji.

Kasiva alilia. Jeconia alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya.

"Mmekuja mapema," Mwandawiro alisema. "Wengine huletwa wakiwa na miaka saba. Sasa, mtoto anaitwa nani?"

Wazazi walitazamana. Mwandawiro alipoelezwa habari ya majina, hakucheka.

"Chagueni moja," alisema. "Lolote. Mtoto huyu anapata shida kujua kwamba sauti fulani ni yake. Mkimpa sauti tatu, mnamwongezea mzigo."

"Mbithe," Jeconia alisema kabla ya mkewe kufungua mdomo. "Ndilo alilopewa na mama yake."

Mwandawiro aliwafundisha namna ya kumwita. Wasimwite kwa mbali, wala kwa nyuma. Waende mbele yake. Washuke chini mpaka macho yalingane. Waseme jina lake, kisha maneno machache, yale yale kila siku. Halafu wangoje huku wakihesabu kimoyomoyo mpaka kumi, bila kumshika kidevu na kumgeuza kwa nguvu. Akitazama hata kidogo, wafurahi naye.

Kasiva alichagua maneno yake. "Mbithe. Niko hapa."

Aliyasema asubuhi kabla ya uji. Aliyasema akitoka kazini, magoti yakiwa kwenye vumbi. Aliyasema wakati mwili wote ukitamani kulala. Ningependa kukuambia kwamba mtoto alibadilika upesi. Hakubadilika upesi. Kulikuwa na wiki ambazo Kasiva aliyasema mara mia na kutazamwa mara mbili. Kuna siku aliyasema huku analia, na mtoto akayatazama machozi yake kwa makini, jinsi alivyokuwa akiitazama hereni.

Jeconia alikata picha kwenye pakiti za maziwa, unga na biskuti. Alizigandisha kwenye kadibodi na kuzitundika ukutani, chini, mahali mtoto anapofika. Badala ya kuvuta mkono wa mama, mtoto alifundishwa kuileta picha. Ilichukua miezi minne. Siku aliyoleta picha ya maziwa na kuiweka mkononi mwa Jeconia, Jeconia alimpa maziwa yote ya chai. Wakanywa chai ya rangi siku mbili.

Walibadilisha na mambo mengine madogo. Mwenye mashine ya kusaga alikubali kutuma mtu kuwaambia kabla ya kuiwasha, ili mtoto apelekwe ndani. Kulala kukawa na utaratibu wake: kuoga, leso ile ile, taa kuzimwa. Akaanza kulala zaidi kidogo. Kasiva naye akalala zaidi kidogo. Dinah alipita kila Jumatano na kulala chini kwenye saruji, na mkoba wake kando.

Mbithe alipofika miaka minne, aliingia nasari. Alikuwa na maneno kama ishirini. Wenziwe walikuwa na mamia. Mwalimu alimweka karibu na ukuta, mbali na kengele, na kumwonyesha kwa picha kitakachofuata. Si siku zote zilikuwa nzuri. Lakini alikwenda, na alipenda kwenda.

Mwaka huo ndipo mama yake Jeconia alipokuja kutoka Siaya. Hakuwa amezungumza na Kasiva vizuri tangu ile simu. Alishuka kwenye basi na kuku mmoja, mfuko wa njugu, na uso uliofungwa.

Alisimama mlangoni. Mtoto alikuwa sakafuni na kifuniko chake.

"Ajwang'!" aliita.

Mtoto hakugeuka. Bibi akamtazama mwanawe. "Si nilisema? Miaka miwili mmepoteza."

Kasiva alikuwa amebeba chai. Alihisi uchovu wote wa miaka hiyo ukimpanda miguuni. Jeconia ndiye aliyejibu.

"Mama, keti chini."

"Kwenye kiti?"

"Hapana. Chini, pale alipo."

"Na magoti yangu haya?"

"Nitakushika."

Alimshika. Mama akateremka polepole, akiguna, mpaka akaketi sakafuni na mgongo ukutani.

"Usimguse," Jeconia alisema. "Usimwite. Ngoja tu."

"Ningoje nini?"

"Utaona."

Walingoja. Chai ilipoa. Bibi alikunja leso yake na kuikunjua. Kifuniko kilizunguka, kikayumba, kikabingirika mpaka kwenye wayo wa bibi. Alikiokota. Alimtazama Jeconia, na Jeconia akamwitikia kwa kichwa. Bibi akakizungusha vibaya, kikaanguka. Akajaribu tena, ulimi ukichungulia kwenye kona ya mdomo. Mara hii kilizunguka vizuri.

Mtoto alisogea. Alitazama kifuniko. Alitazama mkono wa bibi wenye mishipa. Kisha akapiga magoti mbele yake, akashusha kichwa mpaka macho yao yakalingana. Na akasema, kwa sauti ile ile ya Kasiva, polepole:

"Mbithe. Niko hapa."

Mwandawiro aliwahi kuwaambia kwamba watoto wengine huazima sentensi nzima walizosikia, na kuzitumia kwa kazi yao. Hii ilikuwa mara ya kwanza Mbithe kuitumia hiyo. Kasiva aliweka trei ya chai chini.

Bibi alikuwa akihesabu kitu midomoni, au akiomba. Mwishowe aliinua uso kwa mkwe wake.

"Haya maneno kayatoa wapi?"

"Kwangu, Mama," Kasiva alisema. "Humwambia hivyo kila siku."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Bibi alikizungusha kifuniko tena.

Asubuhi iliyofuata alisisitiza kwenda na Kasiva kwenye mfereji wa kambi, ingawa magoti yalimuuma. Foleni ilikuwa ndefu. Mwanamke mmoja nyuma yao aliita, "Mama Ajwang', hebu sogeza mtungi wako."

Kasiva alianza kuinama ausogeze, kama kawaida yake. Bibi alimtangulia kujibu.

"Huyu anaitwa Mama Mbithe," alisema kwa sauti, ili foleni nzima isikie. "Tumeambiwa na mtoto mwenyewe."